Siku Sita za Maji ya Chumvi

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare za shule, Chiriku alikuwa na kazi ya kufuta paneli za sola. Zilikuwa ishirini na nne, zimepangwa juu ya paa la nyumba ya mtambo, na kila kukicha upepo wa bahari ulikuwa umezipaka unga mwembamba wa chumvi. Mama yake alimwegemezea ngazi, akampa ndoo na kitambaa, akamwonya asiache hata pembe moja. Paneli chafu, mama alipenda kusema, ni sawa na kibarua anayesinzia: yupo kazini, lakini kazi haipo.

Jina la Chiriku alipewa na babu yake, kwa kuwa mtoto huyo hakujua kunyamaza. Alianza kusema alipofumbua macho na kuacha alipoyafumba. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, yuko darasa la sita, na baba yake alifanya kazi mbali, akija nyumbani mara mbili tu kwa mwaka. Akimaliza kufuta paneli alishuka, akasimama mbele ya geji ya kupimia presha ya pampu na kumsomea mama namba kwa sauti. Kisha alikimbia shule.

Mtambo huo ulitoa chumvi kwenye maji ya bahari. Visima vyote vya mtaa vilikuwa vimeingiliwa na chumvi miaka mingi iliyopita, na mtu aliyetaka kunywa, kupika au kumwogesha mtoto hakuwa na pa kwenda ila pale. Ndani mlikuwa na pampu moja kubwa na mabomba manne meupe yaliyolazwa juu ya vyuma, kila moja refu kuliko mtu mzima. Pampu iliyasukuma maji ya bahari kwa nguvu ndani ya mabomba, mlimokuwa na vichujio vyenye matundu madogo ajabu. Maji matamu yalipenya upande mmoja. Maji machungu, yaliyobeba chumvi yote, yalitokea upande wa pili na kurudishwa baharini.

Tabu ilikuwa nguvu ya kuiendesha hiyo pampu. Paneli peke yake hazikutosha, kwa hiyo kulikuwa na jenereta, na jenereta lile lilikuwa mlevi wa dizeli. Lori lilileta mapipa ya dizeli mara moja kwa mwezi. Zamani mtambo uliwashwa kwa nguvu zote saa nne kwa siku, na ilipofika wiki ya nne mapipa yalikuwa yamekauka. Watu walirudi kwenye visima vya chumvi na madimbwi. Mwaka uliotangulia, katika wiki moja ya namna hiyo, watoto wachanga wawili waliharisha mpaka wakafa. Walizikwa siku moja.

Mwendesha mtambo alikuwa mama yake Chiriku. Baada ya mazishi yale hakulala vizuri. Alikaa na daftari lake la geji, akapima, akajaribu, mwisho akaipunguza presha ya pampu kutoka sitini na mbili mpaka hamsini. Mtambo ukawa unafanya kazi taratibu tangu jua linapochomoza mpaka linapozama, badala ya kukimbizwa kwa saa nne. Chumvi, alieleza, inayashikilia maji, na lazima uyasukume kuishinda nguvu hiyo. Ukizidisha kidogo yanapita polepole. Ukizidisha sana yanapita kwa kasi, lakini kila ndoo inakugharimu dizeli zaidi.

"Mtu anayepanda kilima mbio na anayepanda kwa mwendo wake, wote wanafika juu," alimwambia binti yake. "Ila tazama ni nani anayehema. Dizeli yetu yote ilikuwa inaishia kwenye kuhema."

Tangu hapo ilipita miezi mitano bila wiki kavu hata moja. Ungedhani watu wangemshukuru, lakini binadamu hana wema. Waliokuja asubuhi walikuta tangi limejaa, wakachota wakaenda zao. Waliokuja alasiri walikuta tangi limekwisha, na bombani maji yanatoka membamba kama penseli. Walisimama juani, madumu yao yakajaa kwa kusuasua, wakaanza kutafuta wa kumlaumu. Wakampa jina Mama Matone.

Shuleni jina hilo lilifika haraka kuliko maji. Mvulana mmoja wa darasa lao, waliyemwita Kipaza kwa sababu ya sauti yake, aligeuza jina likawa mchezo. Chiriku akiingia darasani, yeye aliinua kidole na kukishusha taratibu, akisema, "Tone. Tone. Tone." Darasa zima lilicheka. Chiriku alijua kujibu, lakini kwa jambo hili ulimi wake uligoma, kwa maana aliona haya, na kuona haya kwa ajili ya mama yake kulimuumiza kuliko kicheko chenyewe.

Kila siku saa tisa alasiri, Chiriku akitoka shule, mama alimwacha mtamboni kwa nusu saa na kwenda nyumbani kumpa babu dawa na kumgeuza kitandani. Babu huyo alikuwa baba wa mama. Moyo wake ulikuwa umechoka kwa miaka sita sasa, miguu ilivimba kwa urahisi, na daktari alikuwa amempiga marufuku chumvi, hata punje. Alikula chakula chapwa na kukitania. Alisema akifika mbinguni ombi lake la kwanza litakuwa yai la kuchemsha na chumvi pembeni.

Katika nusu saa hiyo Chiriku aliruhusiwa kuangalia foleni, kuzima mtambo kwa kitufe chekundu kukiwa na hatari, na basi. Kulikuwa na vali moja ya gurudumu kwenye njia ya maji machungu. Ukiikaza, maji yanabanwa ndani ya mabomba na presha inapanda. Mama alimwonyesha na kumwambia kwamba vali hiyo ina mkono mmoja tu, nao ni wake.

Jumatano moja Kipaza alikuwa kwenye foleni na madumu mawili. Alikuwa ameanza na kidole chake, na wanawake wawili wazima walikuwa wanacheka. Chiriku aliingia ndani, akaishika vali ile kwa mikono miwili na kuikaza nusu mzunguko. Pampu ilibadilisha sauti. Jenereta likanguruma. Geji ikapanda mpaka sitini na tano, na nje maji yakanenepa bombani, yakamrukia Kipaza usoni. Watu wakashangilia. Mwanamke mmoja akasema kumbe mtoto ana akili kuliko mama yake, na Chiriku, maskini, akavaa kile kilemba cha ukoka akaona kimemkaa.

Kabla mama hajarudi aliilegeza vali, kila kitu kikawa kama kilivyokuwa. Alhamisi alifanya tena, na Ijumaa. Watu wakaanza kuja makusudi saa tisa. Mama aliona dizeli inashuka zaidi kidogo kuliko kawaida, akadhani ni mawingu. Jumatatu foleni ilikuwa ndefu zaidi ya siku zote, na Kipaza mwenyewe alimwita kwa upole, akamwomba aifungulie "ile kasi yake." Chiriku akakaza mizunguko miwili kamili.

Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Geji ilipita mstari mwekundu wa sabini, ikafika sabini na nne. Ghafla ukasikika mlio mmoja ndani ya bomba la tatu, kama kijiti kinachovunjwa, na sindano ya geji ikatikisika. Chiriku aliilegeza vali mbio, akasubiri. Hakuna kilichovuja. Hakuna kilichozimika. Maji yaliendelea kutoka. Mama aliporudi alimuuliza kama kuna tatizo, naye akajibu hakuna. Lilikuwa neno fupi kuliko yote aliyowahi kusema siku hiyo.

Jumanne hakugusa vali. Kipaza alinuna, foleni ikanuna, yeye akatazama chini. Watu wawili watatu walisema maji yana ladha, wenzao wakawajibu kwamba midomo yao ndiyo ina ladha.

Jumatano jioni mama alikuwa akipika, akamtuma Chiriku ampelekee babu maji. Babu aliinuka kwa kiwiko, akanywa funda moja, akakitazama kikombe.

"Chiriku," alisema, "maji haya yamelia wapi? Yana chumvi ya machozi."

 Papo hapo Chiriku alielewa ule mlio wa Jumatatu ulikuwa nini. Mdomo wake ulikuwa na nafasi ya kusema kweli, na mtu wa kumwambia alikuwa mbele yake, mtu ambaye hajawahi kumpiga wala kumfokea. Lakini nyuma ya ukweli huo aliiona vali, akamwona mama, akaiona foleni nzima ikimtazama.

"Ni dawa zako, Babu," alisema. "Zinabadilisha ladha."

Babu alimtazama kidogo. Kisha akanywa kikombe chote mpaka tone la mwisho, akamrudishia, akamwambia asante mama.

Alhamisi alimpelekea tena. Ijumaa pia. Chiriku mwenyewe alionja maji yale jikoni alipokuwa peke yake, na yalikuwa na chumvi, hakukuwa na shaka. Alijiambia kwamba Jumamosi mama atapima, kwa maana kila Jumamosi alichovya kipimo cha chumvi kwenye maji, na mambo yatajulikana yenyewe bila mtu kusema. Hivyo ndivyo mwoga anavyohesabu siku. Babu alimuuliza mbona nyumba imekuwa kimya, au chiriku wake amehama kiota. Alicheka kwa taabu, kifua kikikoroma.

Ijumaa jioni miguu yake ilikuwa imevimba mpaka magotini. Jumamosi alfajiri hakuweza kuvuta pumzi akiwa amelala. Nesi wa zahanati aliita gari la wagonjwa, mama akapanda naye, na Chiriku akabaki mlangoni ameshika mto wa babu, ambao hakuna aliyekumbuka kuuchukua.

Mama alirudi mchana, macho mekundu. Alikwenda moja kwa moja mtamboni akauwasha, kwa sababu ilikuwa Jumamosi na Jumamosi ni siku ya kupima. Kipimo ambacho kwa kawaida kilisoma mia nne kilisoma elfu mbili mia moja na ishirini. Alikisuuza akapima tena. Namba ikawa ileile. Alizima mtambo, akafunga bomba la mtaa kwa kufuli, akampigia simu fundi mkuu aliyeko mjini.

Chiriku alikuwa kando yake, akayasikia mazungumzo yote. Fundi mkuu aliuliza kama kuna kitu kimevunjika. Mama akasema haiwezekani, maana presha haijawahi kupita hamsini kwa miezi mitano. Kitu gani kingevunjika kwa presha ndogo namna hiyo? Basi fundi akamwambia ni kweli kwamba ukipunguza presha, chumvi hupenya zaidi kidogo kwenye vichujio. Mama alikata simu akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Siku nyingine angepima bomba moja moja. Siku hiyo alikuwa ametoka kumwona baba yake amevikwa kinyago cha oksijeni, na akili yake ilikuwa imekwisha kupata wa kumlaumu.

"Ni mimi," alisema, si kwa Chiriku, bali kwa sakafu. "Nimemnywesha baba yangu chumvi kwa mkono wangu."

Chiriku alichukua kitambaa chake akapanda kufuta paneli zilizokuwa safi.  Hilo ndilo jambo ambalo baadaye lilimchoma kuliko vali, kwamba alimwacha mama yake alale na maneno yale.

Jumapili saa nne asubuhi kamati ya maji ilikutana uani pa mtambo. Mtaa mzima ulikuja na ndoo tupu, kwa kuwa tangu jana hakuna aliyechota. Mwenyekiti alikuwa mwoka mikate, mtu mnene mwenye sauti ya taratibu, na tangu jana tanuri lake lilikuwa baridi. Hakuwa mtu mbaya. Alisema wamempa mama nafasi miezi mitano na wote wameona mwisho wake. Presha ndogo haiwezi kuikamua chumvi. Kesho asubuhi mtambo utawashwa kwa nguvu zote kama zamani, saa nne kwa siku, na watatafuta mwendesha mtambo mwingine.

Mzee mmoja akauliza, na dizeli ya wiki ya nne? Mwenyekiti akajibu kwamba wiki ya nne Mungu atajua. Hakuna aliyecheka. Mama wa mmoja wa wale watoto waliozikwa alikuwa amekaa mbele kabisa, ndoo yake mapajani, na alikuwa anatazama mikono yake.

Mama yake Chiriku alisimama. Hakujitetea. Alisema huenda wana haki, alikuwa na hakika na hesabu zake na sasa hana, na kwamba baba yake yuko hospitali kwa maji yake. Alitoa ufunguo wa nyumba ya mtambo mfukoni akaunyoosha kwa mwenyekiti.

"Usiuchukue," alisema Chiriku.

Watu waligeuka. Alikuwa amesimama kando ya mlango, mgongo ukutani.

"Siyo presha ndogo. Ni mimi. Niliikaza vali."

 Mwenyekiti alianza kusema kitu, lakini mama alimnyamazisha kwa mkono, akamwendea binti yake, akainama mpaka macho yao yakawa sawa. Hakumuuliza kwa nini.

"Mizunguko mingapi?"

"Nusu, siku tatu. Halafu Jumatatu miwili."

"Geji ilisoma ngapi?"

"Sabini na nne."

"Ulisikia nini?"

"Mlio. Bomba la tatu, mwisho kule, upande wa ukuta."

"Jumatatu," alisema mama polepole. "Na leo ni Jumapili."

 Chiriku akaendelea kusema yaliyobaki, mpaka kikombe cha babu na uongo wa dawa. Alipofika hapo mama alifumba macho. Kipaza, aliyekuwa nyuma na madumu yake, alijipenyeza akaondoka. Mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni akasema, bila hasira, kana kwamba anajiambia mwenyewe, kwamba wiki nzima amemkorogea mwanawe uji kwa maji hayo. Kisha akamfungua mtoto mgongoni akaanza kumtazama usoni, na Chiriku akaona ni heri angepigwa.

Mama hakupoteza wakati. Aliwasha mtambo kwa presha ya hamsini, akachukua kipimo na vikombe vinne. Kila bomba lilikuwa na koki ndogo mwishoni. Alichota kutoka kila koki na kupima mbele ya mwenyekiti, akimwachia asome mwenyewe. Bomba la kwanza, mia tatu na themanini. La pili, mia nne na kumi. La nne, mia tatu na tisini. Bomba la tatu lilisoma elfu saba na mia tatu. Mwenyekiti aliisoma namba hiyo mara mbili, akakiweka kipimo chini kwa uangalifu.

Walizima, wakashusha presha yote, wakafungua kifuniko cha bomba la tatu kwa spana. Ndani, pale kichujio kinapoungana na njia ya maji matamu, kulikuwa na pete ya mpira isiyozidi unene wa kalamu. Ilikuwa imepasuka, na maji ya bahari yalikuwa yakipita katika ufa ule bila kuchujwa. Pete za akiba zilikuwamo kwenye kisanduku ukutani. Kazi yote ilichukua saa mbili. Kama wangewasha kwa nguvu zote kesho yake, ufa ungepanuka, na mtaa ungekunywa chumvi zaidi huku ukiteketeza dizeli zaidi.

Tangi lote la maji likamwagwa, mbele ya watu wenye ndoo tupu. Yalitiririka kwenye mchanga kwa muda mrefu. Alasiri kipimo kilisoma mia tatu na tisini, na bombani maji yakaanza kutoka, membamba kama penseli. Watu walisimama kwenye foleni na hakuna aliyelalamika. Mwenyekiti alimrudishia mama ufunguo na kumwomba radhi kwa sauti, wote wasikie. Akaagiza vali ile ifungwe mnyororo na kufuli.

Jumatatu mama alimpeleka Chiriku hospitali. Hakumwambia aseme nini. Alimsukuma taratibu mlangoni, yeye akabaki nje kwenye benchi. Babu alikuwa ameegemezwa mito mitatu, amekuwa mdogo. Chiriku aliongea akitazama shuka, akamwambia yote.

Babu alikishusha kinyago cha oksijeni.

"Nilijua siyo dawa," alisema. "Nimezinywa miaka sita."

"Sasa kwa nini ulikunywa, Babu?"

Ilimchukua pumzi kadhaa kupata jibu. "Uso wako ulikuwa na hofu. Nikasema nikikataa, huyu atalia." Akakirudisha kinyago, akampapasa mkono. Kwa siku ile hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho kwake, na siku zilizobaki hazikuwa nyingi. Alifariki siku kumi na moja baadaye, mchana, mama akiwa amemshika.

Baba alikuja kwa mazishi, akakaa wiki moja akarudi kazini. Chiriku alirudi shule. Kipaza alikuwa ameacha mchezo wa kidole, na siku moja, bila kumtazama, aliweka juu ya dawati lake penseli aliyokuwa amemnyang'anya muhula uliopita. Kwenye foleni watu walimjibu salamu, wengine kwa moyo, wengine kwa ncha ya ulimi. Mtoto wa yule mwanamke wa uji alikuwa ameharisha siku mbili akapona.

Swali alilokuwa nalo Chiriku lilikaa kifuani wiki tatu. Alasiri moja walikuwa mtamboni wawili tu, mama akikaza boliti za kifuniko, na swali likatoka.

"Mama, ni mimi niliyemuua Babu?"

Mama aliweka spana chini. Angeweza kusema hapana, akamfuta machozi, na pengine mzazi mwingine angefanya hivyo. Alikaa kwenye ndoo, akamvuta akakaa mbele yake.

"Sijui," alisema. "Nilimuuliza daktari, naye hajui. Moyo wake ulikuwa umechoka. Huenda angekufa mwezi huu hata kwa maji ya mvua. Huenda angeishi miaka miwili. Sitakudanganya, kwa sababu uongo wa kumpoza mtu tumeshauona ulivyo."

Chiriku alilia, na mama alimwacha alie mpaka akamaliza.

"Sasa nisikilize ninachokijua. Kuikaza vali lilikuwa kosa. Lilikuwa kosa la kitoto, la kutaka sifa na kukwepa kuchekwa, na mimi pia nilikosea kukuacha peke yako na mashine hii. Kosa hilo tulilitengeneza kwa saa mbili na pete moja ya mpira. Ungeniambia Jumatatu ileile ningekufokea, ningezima mtambo, na Jumanne babu yako angekunywa maji matamu. Mtu yeyote anayefanya kazi ataharibu kitu siku moja. Mimi nimeharibu pampu, fundi mkuu amewahi kuunguza jenereta zima. Kilichoharibika kinatengenezeka, ila lazima kisemwe. Zile siku sita ulizonyamaza, mwanangu, ndizo sina spana ya kuzifungua."

Alimfuta uso kwa pindo la kanga yake.

"Utakosea tena. Siku hiyo, kabla jua halijazama, njoo uniambie. Hata kama nimekasirika. Hata kama watu wanasikia."

"Nitakuja," alisema Chiriku.

"Haya. Nisomee geji."

Chiriku alisimama mbele ya geji, akavuta pumzi, akamsomea.